Safari ya Kaskazini: Siku Tuliyoambiwa Turudi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Msikilizaji mmoja wa Mbagala ameniandikia akiuliza: ni kwa nini watu wa Ulaya na Amerika, wenye nyumba nzuri za kulala, huziacha na kwenda kulala ndani ya magari huko porini, tena kwa gharama kubwa? Je, huo si wazimu wa kushiba?

Swali lake limenifurahisha, maana hata mimi niliwahi kuuliza hivyo hivyo. Nililiuliza mpaka siku niliyopanda gari la namna hiyo mwenyewe, nikasafiri nalo zaidi ya kilometa 3,000 kuelekea kaskazini ya Kanada. Kwa mwenzangu asiyejua masafa hayo, ni kama kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, kurudi, kisha kwenda Mbeya. Na hapo ni kwenda tu, bado kurudi. Leo nitajaribu kueleza safari hiyo huwaje, barabara zake zilijengwaje, na kwa nini sisi wawili tuligeuza gari kabla ya kufika tulikokuwa tunakwenda.

Nilikuwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu. Huyu ni dereva tangu ujana wake. Miaka ya 1980 aliendesha malori ya mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, kisha akahamia Kanada, na mpaka sasa anaendesha malori katika mji wa Edmonton. Alipokaribia kustaafu akanunua gari-nyumba kuukuu. Dada alikataa kata kata kufuatana naye. Alisema, "Mimi nilikimbia choo cha nje kule kijijini, leo nikifuate Kanada kwa hiari yangu?" Basi nikaitwa mimi.

Gari-nyumba, ndugu msikilizaji, ni nyumba ndogo iliyojengwa juu ya chesisi ya lori jepesi. Letu lilikuwa na urefu wa kama meta 8. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, friji, sinki, na choo cha ukubwa wa kabati. Chini ya sakafu mna matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyokwisha kuoshea vyombo na kuogea, na la choo. Hayo mawili ya mwisho hayamwagwi ovyo. Yana vituo maalumu vya kuyamwagia, na anayemwaga kando ya barabara hutozwa faini. Kwa hiyo msafiri hujifunza upesi kuhesabu maji. Anayeoga kwa dakika kumi leo, kesho hana ya chai. Aliyekulia kwenye maji ya ndoo hapati tabu. Shemeji alikuwa akinisifu: "Wewe shemeji unajua kuoga kwa kopo."

Gari la namna hiyo hunywa mafuta. Letu lilitumia kama lita 25 kwa kila kilometa 100, na kupanda milima lilizidisha. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kaskazini ni hii: tangi likifika nusu, jaza, hata kama unaona bei ni ya kukamua. Kituo kinachofuata huenda kiko mbali kilometa 200 au 300, na huenda kimefungwa.

Tulianza Edmonton, tukafika Dawson Creek, mahali inapoanzia barabara kuu ya Alaska. Hapa nitoe tahadhari moja. Kuna Dawson Creek, na kuna Dawson City. Yote miwili ilipewa jina la mtaalamu mmoja wa miamba, George Mercer Dawson, lakini kutoka mmoja hadi mwingine ni mwendo wa karibu kilometa 1,900. Ukikosea jina, umekosea siku tatu.

Barabara hii ya Alaska ina historia inayotuhusu sisi Waafrika kuliko tunavyodhani. Mnamo Desemba 1941 Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, Marekani iliona eneo lake la Alaska halifikiki kwa nchi kavu. Ikaamriwa barabara ikatwe kupita misitu ya Kanada. Kazi ilianza Machi 1942, na kufikia Novemba mwaka huo huo malori yalikuwa yanapita. Zaidi ya kilometa 2,400 zilikatwa kwa muda wa miezi minane hivi.

Ni nani waliozikata? Wanajeshi wahandisi zaidi ya 10,000, na karibu thuluthi moja yao walikuwa Wamarekani weusi. Wengi wao walitoka majimbo ya kusini, kwenye joto na mashamba ya pamba, wakapelekwa kulala mahemani penye baridi ya kupasua mti. Jeshi la Marekani wakati huo lilitenga weusi na weupe. Jenerali aliyesimamia ulinzi wa Alaska, Simon Buckner, hakutaka weusi waletwe, akihofia wangebaki na kuoa huko. Vikosi vyao mara nyingi vilinyimwa mitambo mizuri, vikapewa sululu na mashoka.

Katika mto Sikanni Chief, kikosi cha 95 cha wanajeshi weusi kilijenga daraja la magogo kwa muda usiotimia siku nne. Inasimuliwa kwamba waliweka rehani mishahara yao kwamba wataweza, nao wakaweza. Na tarehe 25 Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, barabara iliyokuwa ikitoka kusini na ile iliyotoka kaskazini zilikutana. Mwendesha tingatinga mweusi, Koplo Refines Sims, alitokeza msituni uso kwa uso na mzungu, Alfred Jalufka, naye akiwa juu ya tingatinga lake. Picha yao wakishikana mikono ilisambaa. Miaka sita baadaye, mwaka 1948, Rais Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi jeshini. Sisemi kwamba barabara hii peke yake ndiyo iliyoleta amri hiyo, lakini aliyeona kazi ile hakuweza tena kusema mtu mweusi hafai.

Tulipofika Sikanni, shemeji alisimamisha gari. Daraja lile la magogo halipo tena, sasa lipo jingine. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Na sisi tunalalamika baridi tukiwa na hita."

Kaskazini zaidi tuliwapita nyati wa msituni wanaolala kando ya lami karibu na mto Liard, wala hawashtuki honi. Tukafika Watson Lake, penye msitu wa vibao. Mwaka 1942 askari mmoja aliyekumbuka kwao alichomeka kibao chenye jina la mji wake na umbali wake. Wapitao wakaiga, na leo kuna vibao makumi ya maelfu. Nilivitazama muda mrefu nikitafuta jina lolote la Afrika Mashariki, sikuliona. Labda lipo, lakini msitu ni mkubwa.

Hapo tulikuwa tumekwisha ingia Yukon. Eneo hilo lina kilometa za mraba zaidi ya 482,000, yaani kubwa kupita nusu ya Tanzania. Wakazi wake, kwa sensa ya 2021, ni watu 40,232. Ungewachukua wote, wazee kwa watoto, ukawakalisha katika uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam, viti vingebaki. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa neno nyika. Sisi tukisema pori, bado tunategemea kumwona mchunga ng'ombe au mama mwenye kuni. Huku unaendesha saa mbili bila kumwona mtu.

Tukaiacha barabara kuu ya Alaska, tukapita mji wa Whitehorse, na karibu kilometa 40 kabla ya kufika Dawson City tukaingia barabara ya Dempster. Hii ni ya changarawe tupu, zaidi ya kilometa 700 mpaka mji wa Inuvik. Ilifunguliwa mwaka 1979, na mwaka 2017 ikaongezewa kipande cha kufika Tuktoyaktuk, kwenye bahari ya Aktiki. Mafuta ya kwanza yako Eagle Plains, kilometa 369 kutoka njia panda. Kabla ya hapo hakuna duka wala fundi, na simu haishiki. Mawe yake ni makali kama vigae, hukata matairi. Tulichukua matairi ya akiba mawili, na moja lilitumika siku ya kwanza tu.

Hapa nieleze jambo ambalo bila ya hilo mtu hawezi kuifahamu kaskazini. Ardhi ya huko chini imeganda. Si ganda la msimu. Ni udongo uliochanganyika na barafu, na mahali pengine umekaa hivyo kwa maelfu ya miaka, ukienda chini makumi au hata mamia ya meta. Wakati wa kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu. Linaloizuia sehemu ya chini isiyeyuke ni kuvumwani na majani yaliyoifunika. Wauza barafu wa soko la samaki Feri wanalijua jambo hili. Bonge la barafu hulifunika kwa magunia na unga wa mbao ili jua lisiliguse. Ukiliondolea gunia, mchana wote unachuruzika.

Wajenzi wa 1942 waliondoa gunia. Tingatinga zao zilikwangua kuvumwani, jua likapiga ardhi, na barabara ikageuka uji uliomeza mitambo. Ndipo walipojifunza kutandika magogo kwa kuyalaza kukingama njia, na kumwaga udongo juu yake. Wajenzi wa Dempster walikwisha pata somo. Hawakuchimba, bali walimwaga tuta la changarawe lenye unene wa kati ya meta moja na zaidi ya mbili juu ya ardhi ile, ili liwe blanketi. Lakini sasa dunia inapata joto, na kaskazini inapata joto upesi zaidi kuliko kwingine. Barafu ya chini inalegea, barabara inabonyea, na mvua kubwa ikija kingo zake huporomoka. Kumbukeni jambo hilo, maana ndilo lililotukuta.

Tulikwenda mwishoni mwa Juni. Kilometa 405 kuna alama ya mstari wa Aktiki. Ukiuvuka wakati huo wa mwaka, jua halizami. Sisi Waswahili tunahesabu saa zetu kwa macheo na machweo, basi huko saa yetu inakosa pa kuanzia. Saa sita ya usiku nilisoma gazeti nje bila taa. Mbu walikuwa wengi hivi kwamba ukifungua mdomo kusema unakula.

Shemeji alikuwa na nia yake. Kule Inuvik kuna msikiti mdogo uliojengwa Winnipeg, ukapakiwa kwenye lori, kisha kwenye tishari katika mto Mackenzie, ukasafirishwa kama kilometa 4,000 mpaka ukafika mwaka 2010. Ni miongoni mwa misikiti iliyo kaskazini kabisa duniani. Alitaka kusali Ijumaa humo. Mimi nilidhani ni hamu ya kutalii tu.

Siku ya Jumatano mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Tulifika mto Peel, kilometa 539, mahali pa kuvukia kwa pantoni inayovutwa kwa kamba ya chuma. Pantoni ilikuwa imesimamishwa. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, yakishuka na miti mizima yenye mizizi. Magari kama sita yalikuwa yanangoja. Nikasema, tutangoja na sisi. Chakula tunacho, kitanda tunacho, maji ya mto yatapungua kesho.

Akatujia mzee mmoja wa kabila la Gwich'in, watu wenyeji wa sehemu hizo. Hakutuuliza tunatoka wapi. Alitazama gari letu, akatazama mawingu yaliyokuwa nyuma yetu upande wa milima, akasema kwa upole kwamba mto ukileta miti ya namna ile haupungui kesho. Tena mvua iko milimani, na barabara tuliyopita itakatika. Kama tuna haja ya kurudi kazini, turudi usiku ule ule mpaka Eagle Plains, ambako nyumba zimejengwa juu ya mwamba.

Mimi nilikataa. Kwa kweli niliona aibu kurudi. Tumekuja zaidi ya kilometa 3,000, zimebaki kama 200, halafu mtu tusiyemjua anasema turudi? Nikamwambia shemeji kwamba wenzetu watano wanangoja, sisi tuna nini?

Shemeji hakunijibu. Alimshukuru mzee, akawasha gari, akageuza. Tulikwenda mwendo mrefu kimya. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hata dada yangu, nadhani, halijui lote.

Mwaka mmoja wa miaka ya 1980 alikuwa anateremka mlima Kitonga na lori limejaa. Alikuwa na utingo wake, kijana wa Ilula. Juu ya mlima kijana akamwambia, "Mzee, breki zinanuka. Tupumzike." Naye akamjibu, "Tangu lini utingo akamfundisha dereva?" Walikuwa na haraka, mzigo ulisubiriwa. Chini ya mlima lori lilikosa breki. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Kijana hakutoka.

"Ijumaa hiyo nilitaka nimwombee," akasema. "Lakini siwezi kwenda kumwombea kwa kosa lile lile."

Sikuwa na la kusema, ndugu msikilizaji.

Barabara ile yenyewe inabeba kisa cha namna hiyo. Mnamo tarehe 21 Desemba 1910, askari polisi wanne wakiongozwa na Inspekta Francis Fitzgerald walitoka Fort McPherson kwenda Dawson kwa magari ya kuvutwa na mbwa. Fitzgerald alitaka kwenda upesi, akapunguza chakula. Siku ya mwaka mpya wa 1911 alimruhusu kiongozi wa njia, Mgwich'in aitwaye Esau George, arudi zake, akamtegemea mwenzao aliyewahi kupita njia ile mara moja tu, tena kwa kutoka upande wa pili. Wakaukosa mto mdogo wa kupandia. Waliutafuta siku nyingi, wakageuka wamechelewa, wakala mbwa wao. Wote wanne walikufa, wawili wa mwisho wakiwa wamebakiza kama kilometa 40 tu kufika nyumbani. Koplo Dempster ndiye aliyetumwa kuwatafuta, akawapata Machi 1911, na barabara ikapewa jina lake. Huyo Dempster alipotoka Dawson alimchukua Mgwich'in, Charlie Stewart, awaongoze.

Tulifika Eagle Plains alfajiri, kama alfajiri ipo mahali jua lisipozama. Kesho yake barabara nyuma yetu ilikatika, ikafungwa. Wale waliobaki mtoni walikwama siku tatu. Hawakudhurika, nashukuru, ila walihamisha magari yao mara mbili kwa kufukuzwa na maji. Sisi siku ya Ijumaa tulisali dhuhuri yetu ya wasafiri kwenye uwanja wa kuegesha malori, juu ya turubai, mbu wakituandama. Shemeji alikaa kwenye dua muda mrefu.

Nilipotaka kumfariji nikamwambia, "Usijali, msikiti hauhami." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu mtoni. "Ule ulihama kilometa 4,000," akasema. "Basi na sisi tutarudi."

Sasa nimjibu msikilizaji wa Mbagala. Wengine, ndiyo, huenda kwa kushiba. Lakini wapo wanaokwenda kwa sababu mjini mtu hujiona anajua kila kitu: basi litakuja, duka litafunguliwa, fundi atapatikana. Kule hujui, nawe huna budi kumsikiliza anayejua, awe mzee asiye na cheo au utingo. Na ikiwa utakwenda siku moja, chukua matairi mawili ya akiba, jaza mafuta kila yanapofika nusu, funga chakula dubu wasinuse, uliza hali ya njia kila unaposimama. Ukikwisha uliza, tii jibu, hata kama zimebaki kilometa chache.

Wala hatuhitaji kwenda Kanada kwa hilo. Kitonga iko pale pale, na leo hii yuko kijana ndani ya lori au basi anasema breki zinanuka.